Pixel 10 Imetangazwa, Lakini Mimi Ningenunua Mdogo Wake

Mwaka juzi nilinunua simu mpya kabisa. Boksi lilikuwa na nailoni yake, stika mbili za muhuri hazijaguswa, na juu ya kioo kile kiplastiki ambacho mtu unakibandua taratibu ili raha isiishe haraka. Muuzaji alinikatia risiti, akaniongezea kava ya bure, tukaagana vizuri. Nilipofika nyumbani nikaiwasha, nikaingia Mipangilio, nikashuka hadi Kuhusu Simu, nikatazama tarehe ya kiraka cha usalama, yaani lile sasisho dogo la kuziba matundu ya mfumo. Kilikuwa na umri wa miezi kumi na minne. Nikajiambia, sawa, imekaa stoo muda mrefu, itajisasisha. Nikabonyeza kutafuta sasisho. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha simu ikanijibu kwa adabu zote: "Mfumo wako umesasishwa."

Yaani ilishafika mwisho wa safari kabla sijaingiza laini.

Kuja kuchunguza, toleo lile lilikuwa limezinduliwa miaka mitatu na ushee nyuma, likiwa na ahadi ya viraka vya miaka miwili. Ahadi ilitimizwa vizuri tu, ila ilitimizwa kwa watu wengine. Mimi nililipia mabaki. Nikakaa nayo hivyo hivyo hadi mwaka huu programu ya benki ilipoanza kunigomea: kila nikiifungua inaniambia kifaa changu hakikidhi masharti ya usalama. Na simu nzima! Kioo hakina hata mkwaruzo, betri inafika usiku, kamera safi. Imekufa ikiwa na afya yake.

Ndiyo maana tangu Google watangaze simu yao ya Pixel 10 tarehe 20 Agosti 2025, na jumbe zikaanza kumiminika ("dada, ninunue au nisubiri?", "dada, hii au Samsung?"), nimejikuta nawajibu watu swali ambalo hakuna aliyeniuliza: inakufa lini?

Kwa hiyo tuelewane mapema. Hapa hutapata jedwali la megapikseli, wala wati za chaja, wala ubishi wa kioo cha hezi 120. Hayo yamejaa kila mahali na yanaandikwa na watu wanaoyajua kunishinda. Mimi nina kichaa changu kimoja, yaani simu itapata masasisho hadi lini, na orodha yangu ya simu za kununua nimeipanga kwa kichaa hicho.

Nauli ya tangu kituo cha kwanza

Google wanasema wazi kwamba Pixel 8 na zilizofuata zinapata masasisho ya miaka saba. Mtu akisikia miaka saba anadhani ni miaka yake. Hapana. Inahesabiwa tangu siku toleo hilo lilipoanza kuuzwa kwenye duka la Google la Marekani. Pixel 8 ilitoka Oktoba 2023, mwisho wake ni Oktoba 2030, uwe uliinunua wiki ya kwanza au umeinunua jana. Samsung nao huhesabu tangu uzinduzi. Ni sawa na kupandia basi katikati ya njia huku kondakta anakudai nauli ya tangu kituo cha kwanza, na watu wanalipa huku wanashukuru.

Nani hasa anayeiua simu? Mara nyingi siye yule aliyeandika jina lake mgongoni. Ndani mna chipu, na chipu ina programu zake za kuiendesha ambazo huandikwa na mwenye chipu. Siku mwenye chipu akiacha kuzishughulikia, mwenye simu anabaki na mawili: azibebe mwenyewe au aache. Wengi wanaacha. Fairphone, kampuni ya simu ya Uholanzi, walilipiga chenga tatizo hili kwa namna iliyonifurahisha sana. Fairphone 5 ya mwaka 2023 waliitia chipu ya Qualcomm inayoitwa QCM6490, ambayo ni ya vifaa vya viwandani, kwa sababu chipu za viwandani huhudumiwa miaka mingi kuliko za simu. Februari 2025 Qualcomm na Google wakatangaza kwamba simu zenye chipu za Qualcomm, kuanzia Snapdragon 8 Elite, zinaweza kupata masasisho hadi miaka minane. Liangalie vizuri hilo neno "zinaweza". Mwenye simu bado ana hiari yake ya kukupa minne.

Halafu ahadi zenyewe haziko za aina moja, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kuna ahadi ya matoleo ya Android, yaani kuhama kutoka 15 kwenda 16 na kuendelea, na kuna ahadi ya viraka vya usalama, ambavyo haviongezi kitu cha kuonekana bali vinaziba matundu. Phone (3) ya kampuni iitwayo Nothing, ya Julai 2025, kwa mfano, imeahidiwa miaka mitano ya matoleo na saba ya viraka. Tangazo litapiga kelele kuhusu ile saba. Mimi kiraka nakithamini kuliko toleo, lakini ujue unachoambiwa.

Na usidanganyike na jina la ngozi. Kila kampuni inaivisha Android nguo yake na kuipa namba yake: One UI ya Samsung, HyperOS ya Xiaomi, HiOS ya Tecno. Mtu anakuonyesha "HyperOS 2" kwa fahari, kumbe chini yake, kutegemea simu, kunaweza kuwa na Android 14 au 15. Kuvaa shati jipya hakumpunguzii mzee umri. Teremka hadi kwenye mstari ulioandikwa toleo la Android, kisha tarehe ya kiraka. Mistari hiyo miwili haina ushabiki.

Kuna wanaoniambia, "Mimi sina haja ya matoleo mapya, nataka simu ipige tu." Nilikuwa nasema hivyo hivyo. Google wana huduma ambayo programu huitumia kuiuliza simu kama inaaminika, na kuanzia Mei 2025, kwa simu za Android 13 na kuendelea, daraja la juu kabisa la uaminifu hutolewa tu kama simu imepokea kiraka ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita. Programu ya benki ikiamua kudai daraja hilo, simu yako isiyo na kiraka imefungiwa mlango, hata kama hujawahi kufungua kiungo kibaya maishani mwako.

Hili la kuachwa solemba wala si geni. Nokia Lumia 900 ilianza kuuzwa Aprili 2012 kwa mbwembwe zote, na Juni mwaka huo huo Microsoft wakatangaza kwamba Windows Phone 8 haitafika kwenye simu zilizopo. Miezi miwili! Waliokuwa na BlackBerry zenye mfumo wa zamani wanaikumbuka tarehe 4 Januari 2022, siku huduma zilipozimwa na hata kupiga simu kukawa hakuna uhakika. Tofauti ni kwamba siku hizi kifo kina tarehe inayojulikana tangu mwanzo, ila hakuna anayeibandika kwenye boksi. Uingereza, kwa sheria iliyoanza kutumika 29 Aprili 2024, mtengenezaji analazimika kutamka muda wa chini wa masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya wakaenda mbali zaidi: kuanzia 20 Juni 2025, kanuni yao inahesabu angalau miaka mitano ya masasisho kuanzia siku mtengenezaji anapoacha kuliingiza toleo hilo sokoni. Kuanzia kuacha kuuza, siyo kuanzia uzinduzi. Niliposoma hapo nilipiga kigelegele peke yangu chumbani.

Siku tano na Pixel 10

Shemeji yangu ni mtu wa kununua vitu wiki ya kwanza, Mungu ambariki, kwa hiyo nilimwazima ya kwake siku tano.

Inakuja na Android 16 na ule muonekano mpya ambao Google wanauita Material 3 Expressive. Nilidhani ni rangi tu. Kisha nikawa naisukuma arifa moja pembeni ili niifute, nikaona zile za juu na chini yake zinavutwa nayo kidogo kama zimegundishwa kwa gundi nyepesi, halafu inachomoka na simu inatoa mtetemo mdogo sana kidoleni. Nikawa nafuta arifa ovyo kwa ajili ya ule mtetemo tu. Ni jambo dogo la kipuuzi na nimelipenda.

Chipu ni Tensor G5, ya kwanza katika ukoo wake kutengenezwa na TSMC, kiwanda cha chipu cha Taiwan, maana nne za mwanzo zilitengenezwa na Samsung. Mkononi sikuona maajabu. Inafungua vitu haraka na haikunichoma kiganja nilipopiga simu ya video ya saa nzima, basi. Michezo sichezi, mwulize anayecheza. Mgongoni wameweka sumaku ya kuchajia: unaisogeza simu karibu na chaja inanasa yenyewe kwa mlio mdogo. Uzito wake gramu 204, na usiku kitandani ikikuponyoka usoni utazihisi zote.

Kamera wamecheza mchezo wa kutoa mkono huu na kupokonya mkono ule. Kwa mara ya kwanza Pixel ya kawaida, isiyo Pro, imepewa lenzi ya kuvuta mbali mara tano. Vizuri. Lakini kamera kuu imeshushwa: Pixel 9 ilikuwa na kihisi kikubwa cha megapikseli 50, hii ina cha 48 kilicho kidogo kwa umbo, na ile ya picha pana imeshuka kutoka 48 hadi 13. Hivi viwili vinafanana na vya Pixel 9a, ile ya bei ya chini. Shikilia hilo, nitalirudia.

Kuna pia ile tafsiri ya papo kwa papo wakati wa simu, unaongea lugha yako na mwenzako anasikia yake kwa sauti inayofanana na yako. Kwenye maonyesho ilipigiwa makofi sana. Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha ilizozinduliwa nazo. Tuendelee.

Betri sasa. Mimi ni shabiki wa Pixel, sifichi, lakini hapa Google wananitia aibu mbele ya watu. Kuanzia Pixel 9a wameweka utaratibu ambao huwezi kuuzima: betri ikifika mizunguko 200 ya kuchaji, mfumo unaanza kuipunguzia volti ya juu hatua kwa hatua, yaani inabeba chaji pungufu, hadi mizunguko 1000. Wanasema ni kulinda afya ya betri. Mtu anayejaza simu kila siku anafika mizunguko 200 kabla ya mwaka kuisha. Wana sababu ya kuogopa, maana mwaka 2025 peke yake wameipunguzia betri Pixel 4a kwa sasisho la Januari, wakafungua mpango wa kubadilisha betri za Pixel 7a zinazovimba, kisha Julai wakaibana Pixel 6a kwa kuhofia joto. Sasa unaniahidi miaka saba ya mfumo kwenye betri unayoanza kuipunguza kabla ya mwaka wa kwanza haujaisha? Jibu langu ni kwamba atakayenunua Pixel apige hesabu ya betri moja mpya mwaka wa tatu au wa nne, ailipie kwa fundi anayeeleweka, na aendelee. Bado naipendelea. Sasisho linafika siku ile ile linapotangazwa, Android yenyewe haijavishwa makoti matatu, na programu za ajabu ajabu usizoziomba hazijai.

Orodha yenyewe

Namba moja kwangu ni Pixel 9a. Wala si Pixel 10.

Sababu ni hesabu ya darasa la pili. Pixel 10 ina masasisho hadi Agosti 2032. Pixel 9a, iliyoanza kuuzwa Aprili 2025, inayo hadi Aprili 2032. Miezi minne! Tofauti ya bei kati yao ni kubwa kila mahali zinapouzwa, na unachoongezewa upande wa uhai ni miezi minne. Betri ya 9a ni milliampea-saa 5100, kubwa kuliko 4970 ya kaka yake, na kamera kuu, kama nilivyosema, wanakaribiana. Unachokosa ni lenzi ya mbali, ile sumaku, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya GB 12, kwani 9a ina 8. Mgongo ni plastiki, na mimi nashukuru, plastiki haipasuki. Kama una hamu na Pixel 10 na uwezo unao, nunua kwa sababu umeipenda, usije ukaniambia umenunua ili idumu.

Hapo hapo niwaonye kuhusu Pixel za zamani zinazopendwa sana kwa bei yake. Pixel 6 inaishia Oktoba 2026. Pixel 7 ni Oktoba 2027. Ukiikuta ikiwa kwenye boksi la nailoni bado ni ile ile. Pixel 8a, inayoishia Mei 2031, hiyo ndiyo ya kuitafuta kama 9a imekushinda. Na anayeagizia kutoka Marekani ajue kwamba Pixel 10 za huko hazina tundu la laini kabisa, ni eSIM tu, yaani laini ya ndani ya simu isiyo na kadi. Utaletewa simu nzuri uitazame.

Namba mbili ni Samsung, hizi ndugu tatu za Machi 2025: Galaxy A56, A36 na A26. Zote zimeahidiwa matoleo sita ya Android na miaka sita ya viraka, hivyo zitakwenda hadi 2031. Kinachozipa Samsung nguvu ni kwamba unazipata kirahisi na fundi yeyote anavyo vioo vyake, jambo ambalo mwenye Pixel hulijua siku kioo kikipasuka, hasa kwa vile nchi nyingi Google hawauzi Pixel rasmi. Kasoro yao ni foleni. Samsung hugawa simu zao: nyingine hupata viraka kila mwezi, nyingine kila robo mwaka, na zikizeeka husogezwa hadi mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo miaka sita ya Samsung na miaka saba ya Pixel hazina mpigo mmoja. Kati ya hao watatu ningechukua A56, na kama hela haitoshi ningeruka moja kwa moja hadi A26 bila kusimama kwa A36, ambayo sijaelewa imewekwa pale kwa ajili ya nani.

Wenye Galaxy S24 msiulize, mko salama hadi Januari 2031.

iPhone naiweka ya tatu na najua nitatukanwa. Kwa historia hakuna wa kumgusa Apple. iPhone 5s ya 2013 ilipata kiraka Januari 2023. iPhone XS na XR za 2018 zilikwenda hadi iOS 18, ndipo zikaachwa na iOS 26 Septemba 2025, miaka saba ya matoleo kamili. Na siku sasisho linapotoka, mwenye iPhone ya zamani na mwenye mpya wanalipata pamoja. Ninachowalaumu ni kutotamka tarehe. Kwenye tamko lao la Uingereza kuhusu iPhone 15 Pro Max waliandika angalau miaka mitano tangu ilipoanza kuuzwa, basi, wakati wanajua wataipa zaidi. Na mimi orodha yangu ni ya tarehe zilizoandikwa. Ukiamini historia, iPhone 17 ni nunuzi zuri na utalala usingizi. Ila mtu asikuuzie iPhone 11 leo kwa maneno kwamba "bado inapokea." Inapokea ndiyo, na yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni, mwenye zamu inayofuata ya kuachwa.

Fairphone ya kizazi cha sita, ya Juni 2025, kwa tarehe ingekuwa juu ya wote: msaada hadi 2033, na betri unaibadilisha mwenyewe kwa bisibisi ndogo bila kumlamba mtu miguu. Nimeiweka ya nne kwa sababu inauzwa hasa Ulaya, na vipuri vya simu usiyoweza kuvipata ni mapambo. Anayekaa inakopatikana aifanye ya kwanza, sitabishana naye.

Nothing Phone (3) ya tano. Ni nzuri, ila kwa bei yake nilitaka zile saba ziwe saba zote.

Wauzaji, kaeni hapa nyuma kidogo

Nimekwenda kaunta nyingi mwaka huu na swali moja tu: "Hii ilizinduliwa lini?" Majibu niliyopewa ningeweza kuyafungulia jumba la makumbusho. "Ni mpya dada, ona nailoni." "Ni toleo la kimataifa." "Hii ina megapikseli 108." Mmoja alinigeuzia boksi akanionyesha tarehe ya kutengenezwa, kwa ushindi. Tarehe ya kiwandani si tarehe ya uzinduzi, ndugu yangu. Kiwanda kinaweza kuendelea kufyatua toleo lile lile miaka mitatu, na saa ya masasisho inatembea tangu ile ya kwanza.

Hilo la "toleo la kimataifa" lina shimo lake. Kuna simu zilizotengenezwa kwa soko la China, zikanunuliwa huko kwa bei nafuu, kisha mtu wa katikati akazipakia mfumo mwingine ili ziwe na lugha na duka la Google. Zikiwashwa zinapendeza. Sasisho likija, halifiki, au likifika simu inaganda kwenye nembo. Ukiona boksi limeandikwa kichina mtupu na simu yenyewe imekuja na lugha zote, na muhuri umebanduliwa ukabandikwa tena "kwa ajili ya ukaguzi", umeshajua.

Na bei! Toleo jipya likitangazwa, la zamani lilipaswa kushuka sana, maana lina mwaka mmoja pungufu wa kuishi. Badala yake linashuka kidogo tu, linapewa jina la "ofa", na watu wanagombania. Fanya hesabu hii ukiwa umesimama pale pale: gawanya bei kwa miaka iliyobaki, usigawanye kwa miaka iliyoahidiwa. Simu ya nusu bei yenye mwaka mmoja na nusu wa kuishi ni ghali mara mbili na zaidi kwa mwaka kuliko ya bei kamili yenye miaka sita na nusu. Nimeifanya mbele ya muuzaji kwenye kikokotoo cha simu yake mwenyewe. Akaniuliza kama mimi ni mwalimu.

Za bei ya chini

Fupi tu. Nyingi hazina ahadi iliyoandikwa popote, na isiyoandikwa ihesabu sifuri. Ya kuitofautisha ni Galaxy A16 ya mwishoni mwa 2024, ambayo imepewa matoleo sita na miaka sita, kitu ambacho kwa daraja lake ni cha heshima. Ila ile yenye GB 4 za kumbukumbu sioni ikiyabeba matoleo sita bila kuhema. Angalia pia nafasi ya kuhifadhi: simu ya GB 32 ikijaa picha na video za makundi, sasisho lenyewe linakosa pa kushukia, na unaambiwa ufute vitu kila linapokuja. Kwa bajeti hiyo mimi ningechukua Pixel 8a iliyotumika, kutoka kwa mtu ninayemfahamu.

Kama umeshanunua na umesoma hadi hapa moyo unadunda, fungua Kuhusu Simu sasa hivi utazame ile tarehe. Ikiwa imepita miezi mitatu, tafuta sasisho ukiwa kwenye Wi-Fi na betri iko juu ya nusu. Ikiwa imepita mwaka na simu inakujibu kwamba mfumo umesasishwa, hamisha mambo ya benki kwenye simu nyingine yenye viraka kabla hayajagoma yenyewe siku una haraka. Halafu lile boksi usilitupe. Yangu ya 9a nimeandika ndani ya kifuniko kwa kalamu ya wino mzito: Aprili 2032, na chini yake, betri mpya 2028.